Mawe ya Nyiragongo na makabati ya Ulaya

Katika enzi ya Malkia Victoria wa Uingereza, na kwa miaka mingi baadaye, kabati la mawe lilikuwa fahari ya wasomi na matajiri wengi wa Ulaya. Lilikuwa na droo fupifupi, zilizopangwa vipande vya miamba, kila kimoja na kikaratasi chenye jina la jiwe, mahali lilipookotwa na mtu aliyehesabiwa kuwa mgunduzi wake. Milima ya volkano ya Virunga, inayoonekana kutoka Gisenyi wilayani Rubavu, ilichelewa kuingia katika droo hizo.

Mzungu wa kwanza anayejulikana kuupanda mlima Nyiragongo ni afisa wa Kijerumani Gustav Adolf von Götzen, Juni 1894, baada ya kuonana na Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri. Huyo ndiye aliyekuja kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na alikuwa madarakani Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905.

Uchunguzi wa kina wa miamba ulifanywa na Egon Kirschstein, mjiolojia wa msafara wa Mtawala Adolf Friedrich wa Mecklenburg wa mwaka 1907 hadi 1908. Msafara huo haukukusanya mawe peke yake: mwenzake Jan Czekanowski alichukua pia mafuvu ya binadamu na kuyapeleka Berlin. Mwaka 1908, juu ya mlima Karisimbi wenye urefu wa mita 4,507, wapagazi wa Kirschstein walikumbwa na dhoruba ya theluji na mvua ya mawe. Wapagazi 20 walikufa kwa baridi.

Mwaka 1957 wataalamu wa Finland, Thure Georg Sahama na Kai Hytönen, walitangaza madini mapya yaliyopatikana katika miamba ya Shaheru, kilima cha volkano iliyozimika upande wa kusini wa Nyiragongo. Mojawapo waliliita kirschsteiniti, jingine götzeniti. Jina la tatu, combeiti, lilimuenzi A. D. Combe wa idara ya jiolojia ya Uganda. Hakuna madini yaliyopewa jina la mpagazi yeyote, ingawa mizigo yote ilipanda milimani kwa vichwa na mabega yao.

Kirschsteiniti, ambayo ni muungano wa kalsiamu, chuma na silika, huonekana vyema kwa hadubini tu. Imepatikana pia katika vimondo vichache vilivyoanguka kutoka angani. Kuwepo kwake Nyiragongo kunatokana na tabia ya mlima wenyewe: miamba yake ina silika kidogo mno. Kwa sababu hiyo uji wa volkano hauwi mzito. Huteremka upesi kama maji ya mto, na binadamu huenda asiwahi kuukimbia. Ndivyo ilivyokuwa Januari 10, 1977, mamia ya watu walipoangamia, na tena Januari 17, 2002, ulipopita katikati ya mji wa Goma. Mlipuko wa Mei 22, 2021 ulisimama kabla ya kufika katikati ya mji huo, lakini matetemeko yaliyofuata yalivuka mpaka na kupasua nyumba na barabara za Gisenyi.