Mwalimu Aliyeweka Chaki Chini

Ndugu msikilizaji, kila ifikapo Oktoba 14 tunapumzika kazi, tunasikiliza hotuba za zamani redioni, kisha jioni kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Leo nakuomba tumkumbuke Julius Kambarage Nyerere si kama Rais, bali kama baba wa nyumba aliyekuwa na mshahara wa uhakika, akauacha.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito aliyekuwa na wake 22. Shule aliianza akiwa na miaka 12, pale Mwisenge, Musoma. Mwaka 1943 alibatizwa kuwa Mkatoliki. Alisoma Makerere, akafundisha Tabora, akaenda Edinburgh na kurudi na shahada mwaka 1952. Januari 1953 kijana huyo wa nyumba ya wake 22 alimwoa Maria Gabriel Majige. Hakuoa mwingine mpaka kifo kilipowatenganisha. Walijaliwa watoto wanane.

Siku hizo alikuwa mwalimu Pugu, katika shule ya misheni ya Mtakatifu Francis. Mwafrika mwenye shahada na kazi ya namna hiyo alikuwa ameshaukata. Lakini Julai 1954 TANU ikazaliwa, yeye akiwa kiongozi wake, na Machi 1955 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Aliporudi alitakiwa achague moja: chaki au siasa. Akaandika barua ya kuacha kazi.

Tukifika hapo katika simulizi huwa tunapiga makofi. Ni mara chache tunauliza: je, nyumbani walikula nini? Alirudi kwao Butiama, akapata riziki kwa kumfundisha padri wa Kimarekani lugha ya Kizanaki na kumtafsiria katekisimu. Dar es Salaam nako Mama Maria aliendesha duka dogo, akauza mafuta ya taa. Msikilizaji, uhuru wetu una deni pale dukani, na deni hilo hatulitaji sana majukwaani.

Imani yake ilikuwa ya kila siku. Hata alipokuwa Rais, misa ya asubuhi haikumpita kwa urahisi. Lakini dini hakuifanya ngazi ya kuwapandisha wenzake. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, serikali yake ilizichukua shule za madhehebu, za Kanisa lake zikiwamo, ili mtoto wa Kiislamu na yule asiye na dini wakae dawati moja na Mkristo. Pugu aliyofundisha nayo ikawa ya serikali.

Tusimpambe kupita kiasi. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1977, madarasa yalifurika, na vijana waliomaliza darasa la saba waliingizwa haraka kufundisha. Ubora uliumia. Hata hivyo, wazee vijijini walijifunza kusoma barua za watoto wao bila kumwita jirani.

Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudia kalamu. Mwaka 1996 zilitoka Injili alizozitunga upya kwa tenzi za Kiswahili. Alifariki London mwaka 1999, na mwaka 2005 Jimbo la Musoma likaanza mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Hilo ni la Kanisa, nalo lina wakati wake.

Letu ni dogo zaidi. Alipenda kusema kwamba ualimu aliuchagua mwenyewe, siasa ilimkuta tu njiani. Wengi wetu tunakijua kilicho haki, ila tunatazama watoto mezani na tunanyamaza. Yeye pia alikuwa na mtoto mezani. Tofauti ni kwamba ndani ya nyumba ile waliamua wawili: mmoja aliweka chaki chini, mwingine akashika kipimo cha mafuta ya taa.