Mgeni

Anayefungua duka la vitenge mtandaoni hukutana na neno hili mapema: programu ya takwimu humwambia leo amepata wageni kadhaa, wapya na wanaorudi. Neno ni zuri, lakini hapa limebebeshwa mzigo usio wake. Mgeni kwetu ni mtu; ana sura, hukaribishwa, hupewa kiti. Anayehesabiwa na programu kama Google Analytics, kwa kawaida, ni kivinjari kilichowekewa kuki, yaani alama ndogo ya kukitambua. Ukitazama vitenge asubuhi kwa simu, na jioni kwa kompyuta ya kazini, bila kuingia kwenye akaunti, umeshakuwa wageni wawili. Ukifuta kuki, kesho unahesabiwa wa tatu, na ni wewe yuleyule!

Ndiyo maana namsihi muuza vitenge asishangilie idadi hiyo peke yake. Awatazame walioweka doti kapuni, wakafika kwenye ukurasa wa gharama ya kutuma mzigo, wakaondoka papo hapo. Hapo ndipo penye habari.

Na huyo “mgeni anayerudi”, ugeni wake uko wapi? Kariakoo, aliyenunua jana akirudi leo ni kastama. Neno hilo ndilo ningependa kulisoma kwenye ripoti.