Mtu aliyetupa neno algorithimu hakukariri

Sisi waandishi wa programu tunalitaja neno algorithimu kila siku. Wengi huelewa kwamba ni hatua za kufuata moja baada ya nyingine bila maswali. Kumbe mwenye jina hilo alikuwa mtu wa kuuliza "kwa nini?"

Jina lenyewe ni Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad enzi za khalifa al-Ma'mun (813–833). Kitabu chake cha hesabu za "al-jabr" ndicho kilichotupa neno aljebra. Sehemu kubwa inahusu kugawa mirathi. Hakuna alama hata moja ya x, yote ni maneno matupu.

Chukua swali lake maarufu: mraba wa namba fulani, ukiongeza mara 10 ya namba hiyo, unapata 39. Namba ni ngapi? Kanuni yake ni hii: gawa 10 kwa 2 upate 5. Zidisha 5 kwa 5, ni 25. Jumlisha na 39, ni 64. Kipeuo cha pili ni 8. Toa 5. Jibu ni 3.

Hatua kama hizi hazikuwa ngeni. Vigae vya udongo vya Babeli, vyenye zaidi ya miaka 3,600, vina maswali ya aina hii na hatua zake. Lakini vingi vimeandika "fanya hivi, fanya vile" basi. Kama mwalimu alieleza sababu, huenda mara nyingi aliieleza kwa mdomo.

Al-Khwarizmi aliiandika sababu kitabuni. Haya, chukua karatasi tuchore pamoja. Chora mraba ambao upande wake ndio namba tunayoitafuta. Ile mara 10 igawe iwe mistatili miwili, kila mmoja na upana wa 5, uibandike kwenye pande mbili za mraba zinazokutana. Eneo lote ni 39. Umbo hilo ni mraba mkubwa uliokatwa pembe, na pembe inayokosekana ni 5 kwa 5. Ijaze kwa 25, eneo linakuwa 64, upande wake 8. Ondoa upana wa 5, unabaki na 3.

Sasa unajua kwa nini tuligawa kwa 2: mistatili ni miwili. Na 25 haikutoka hewani, ni ile pembe.

Mchoro unatufunza jambo lingine. Swali hili lina jibu la pili, -13, lakini al-Khwarizmi hakulitaja, kwani hakuna mraba wenye upande hasi. Anayejua sababu ya kanuni anaona pia mipaka yake.

Ile kanuni ndefu ya milinganyo ya kwadratiki tuliyokaririshwa shuleni ni mchoro huu huu ulioandikwa kwa herufi. Mwanafunzi aliyeikariri akisahau alama moja kwenye mtihani, kwisha habari yake. Aliyeuelewa mchoro ataijenga upya pale pale.

Kwenye programu ni vivyo hivyo. Ukinakili msimbo usioujua, siku ukikwama hutajua pa kuanzia.

Walimu wenzangu wa hesabu na wa kompyuta, kanuni tuzifundishe, zinaokoa muda. Ila mtoto akiuliza "hiyo 25 imetoka wapi?", tusimwambie akariri tu. Tumpe karatasi achore.