Lugha Yetu: Mwanya si pengo

Kwenye gereji za Katesh na Dongobesh, ambako trekta za wakulima wa ngano na mahindi hufunguliwa injini, nasikia mafundi wakisema "pengo la beringi". Neno hilo halifai hapo. Pengo huachwa na kitu kilichokuwepo kikaondoka: jino liling'oka, mzee alifariki. Kati ya beringi na krenki hakuna kilichoondoka. Uwazi ule umeachwa makusudi ili oili ipite na vyuma visisagane, nao ni mwanya, kama ule wa meno mawili ya mbele ambayo yote yapo.

Na ni mwembamba kweli! Injini nyingi hutaka kati ya milimita 0.03 na 0.08. Fundi makini hulaza kiuzi laini cha plastiki juu ya krenki, hukaza kifuniko cha beringi kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha injini bila kuizungusha krenki, kisha hufungua na kupima upana wa kiuzi kilichobonyea. Kikitandaa sana, mwanya ni mdogo, na krenki itanata. Kikitandaa kidogo, mwanya umezidi: presha ya oili itashuka na injini itagonga.

"Nafasi", tuliyoipata kwa Waarabu, ni pana mno kwa kazi hii. Hiyo ni ya kuegesha trekta yenyewe. "Ufa" ni chuma kilichopasuka, tusimtishe mteja bure. Lakini mafundi wakisema krenki "inacheza" kwa sababu mwanya umezidi, wamesema Kiswahili safi, nami naliunga mkono neno hilo liingie kwenye vitabu vya ufundi.