Kibali cha Mlima na Fungu la Jirani

Asimamaye Gisenyi akatazama kaskazini-mashariki, siku isiyo na mawingu, huuona mlima Karisimbi wenye kimo cha mita 4,507. Mlima huo umo katika Hifadhi ya Volkano, inayopakana na wilaya za Rubavu, Nyabihu, Musanze na Burera. Njia zake za miguu haziingiwi ovyo. Kila mgeni hana budi kuwa na kibali. Historia ya kibali hicho ni funzo kwa wenye dhamana ya ulinzi.

Hifadhi iliundwa na wakoloni wa Kibelgiji mwaka 1925. Kwa miaka mingi jirani aliijua kwa neno moja tu: marufuku. Marufuku kuwinda, marufuku kuchunga, marufuku kukata kuni. Lakini mwaka 1969 takribani hekta 10,000 za hifadhi hiyo hiyo zilitolewa kwa kilimo cha pareto. Kufikia mwaka 1981, gorila wa safu ya Virunga walikuwa wamebaki 250 hivi. Ni dhahiri kwamba marufuku peke yake haikutosha.

Mwaka 1979 ulianza mradi wa kuwalinda gorila na kuwapeleka wageni kwao kwa utaratibu. Vita vilivyoanza mwaka 1990 vilivuruga kazi hiyo, na ziara zikarejea mwaka 1999. Kibali ni cha siku moja. Wageni wasiozidi 8 hupelekwa kwa kundi moja la gorila, hukaa nalo saa moja, kisha hushuka. Hivyo kibali huleta fedha, na papo hapo huzuia msongamano. Tangu mwaka 2017 mgeni wa ng'ambo hutozwa dola 1,500.

Hatua kubwa ilikuwa ya mwaka 2005, ilipoamuliwa kwamba asilimia 5 ya mapato ya hifadhi iende kwa miradi ya majirani: shule, zahanati, maji. Mwaka 2017 fungu hilo likawa asilimia 10. Hesabu ya mwaka 2015 na 2016 ilikuta gorila 604 katika Virunga.

Wahenga walinena: mkono mtupu haulambwi. Askari wa doria angali anahitajika msituni, kwani mitego ya wawindaji haijakoma. Lakini doria haiwezi kuwa kila mahali, ilhali jirani yupo usiku na mchana. Mkulima ambaye nyati wamemla viazi vyake ataulinda mlima iwapo tu fungu lake linamfikia. Likipotea njiani, kibali kitarudi kuwa marufuku ile ile ya zamani.