Macho ya Mtoto wa Dawati la Nyuma

Mtoto aliyezaliwa na macho yasiyoona mbali hana njia ya kulijua hilo. Dunia yake imekuwa na ukungu tangu mwanzo, naye huamini kwamba kila mtu huuona Mlima Kenya kama anavyouona yeye. Upofu hujitangaza, lakini uoni hafifu sharti utafutwe, na tofauti hiyo ndiyo iliyoongoza historia ya upimaji wa macho shuleni Nyeri na katika miji inayouzunguka mlima.

Wamisionari wa Consolata walifika Nyeri mwaka 1903, na Waskoti wakafungua kituo chao Tumutumu, karibu na Karatina, miaka michache baadaye. Shule na hospitali zilikua bega kwa bega, kwa hiyo mwalimu na daktari walikuwa majirani. Kipimo nacho kilikuwapo: Herman Snellen, daktari wa Utrecht, alikuwa ametunga chati yake ya herufi mwaka 1862, na baadaye ikaja chati ya herufi E iliyogeuzwa pande nne, ambayo hata mtoto asiyejua kusoma huweza kuijibu kwa kuelekeza kidole. Lakini hospitali za zama hizo zilimngojea mgonjwa aje mwenyewe. Jicho lisiloona mbali haliumi, wala halitoi usaha, basi mwenye jicho hilo hakuwa na sababu ya kwenda.

Ndiyo maana msaada wa kwanza uliopangwa uliwaendea vipofu. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule yao Thika mwaka 1946, sheria ikaunda Chama cha Vipofu cha Kenya mwaka 1956, na upande wa Meru shule ya Mtakatifu Lucy ikafunguliwa Igoji miaka miwili baadaye. Mradi wa kuzuia upofu vijijini ulipoanza mwaka 1976, uchunguzi wake ulionyesha kwamba mtoto wa jicho na trakoma vilikuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya upofu. Nguvu zikaelekezwa huko, na ilistahili. Hata hivyo, mtoto wa jicho huwapata zaidi wazee, na trakoma hushamiri katika nyanda kavu kama Samburu na Narok. Mwanafunzi wa Othaya anayekodolea ubao macho hakuwa katika hesabu hiyo.

Kisha likaja badiliko la mwaka 2003. Serikali ya Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, iliondoa karo katika shule za msingi, na wanafunzi nchini wakaongezeka kutoka karibu milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7 katika muda mfupi. Ni jambo jema mno. Lakini darasa linapojaa, dawati la nyuma husogea mbali na ubao, na mwalimu hukosa nafasi ya kugundua kwamba fulani hunakili kutoka kwa jirani yake. Sera ya taifa ya afya shuleni ya mwaka 2009 iliutambua wajibu wa kuwachunguza watoto, na kuanzia 2013 ugatuzi ukaikabidhi kaunti kazi ya kuwahudumia.

Hata hivyo, kumgundua mtoto si kumtibu. Kwa nini aliyepewa barua ya rufaa asifike hospitalini? Wako wanaowalaumu wazazi kwa kutojali. Wengine hutaja nauli na siku ya kazi inayopotea. Ushahidi bora ulitoka mbali na mlima, kaunti ya Trans Nzoia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Walimu wa shule 50 waliwapima watoto zaidi ya 20,000. Katika nusu ya shule walitumia chati na barua ya kawaida. Katika nusu nyingine walitumia simu, mtoto akapewa picha inayomwonyesha mzazi ukungu anaouona mwanawe, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Katika kundi la kwanza, watoto 22 kati ya kila 100 waliopewa rufaa walifika hospitalini; katika la pili, 54.

Nionavyo, matokeo hayo yanaikanusha kwa kiasi kikubwa hoja ya kutojali: mzazi aliyeelewa aliondoka nyumbani. Lakini watoto 46 kati ya 100 bado hawakufika, na hapo hoja ya nauli haiwezi kupuuzwa. Familia ya mashambani inayoelekezwa hospitali ya rufaa ya Nyeri hulipa matatu ya kwenda na kurudi, kwa mzazi na mtoto, kabla hata ya kuuliza bei ya miwani.

Muda nao hausubiri. Jicho moja likiwa dhaifu kuliko jingine, ubongo huzoea kulipuuza, na baada ya miaka 7 au 8 hivi kurekebisha hali hiyo huwa kugumu zaidi. Mtoto wa chekechea mjini Karatina ana miaka 5, naye chati ya E anaweza kuijibu leo.