Butura na Ada ya Chuo

Wazee wetu wa Bukoba na Muleba waliifahamu kahawa kabla ya Mzungu kufika. Punje zilichemshwa, zikakaushwa, na mgeni akapewa atafune. Haikuwa ya kulipia ada, kwani ada haikuwapo. Reli ya Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli zikabeba mizigo ziwani, mbuni ukageuka kuwa fedha. Kodi ikaidai fedha ile, kisha shule nayo ikaidai.

Lakini mbuni una kalenda yake. Januari shule hufunguliwa na kahawa ingali changa mtini. Uchumaji huanza kama mwezi wa Mei. Vyuo vikifunguliwa Oktoba au Novemba, fedha ya mavuno imekwisha kuliwa na madeni. Mzazi afanyeje? Huuza butura, yaani huuza kahawa ingali ua au punje mbichi.

Tuseme mzee ahitaji shilingi 300,000 za chuo. Mwenye fedha ampa, naye amwekea kahawa yote ya kibanja chake. Mavuno yakija, kahawa ile yauzwa shilingi 900,000. Mtoto amesoma, ni kweli. Lakini mwaka unaofuata mzee hana cha kuchuma, basi auza maua tena. Serikali imeipiga marufuku biashara hii, na mwaka 1950 wakulima waliunda Bukoba Native Cooperative Union wapate kujiuzia wenyewe. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudi kwa sheria ya 1982. Butura haikufa, maana haja iliyoizaa haikufa.

Chuo kikuu hakikuwa na shida hii hapo mwanzo. Kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, wachache waliokifikia walisomeshwa na Serikali. Katika miaka ya 1990 wazazi wakatakiwa kuchangia. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikawalenga hasa wa shahada. Wa stashahada walifunguliwa mlango katika mwaka wa masomo 2023/24, nao kwa fani chache zilizochaguliwa. Nyongeza ya asilimia 6 iliyowatia Waislamu wengi wasiwasi wa riba ilifutwa mwaka 2021. Aliyekosa mkopo hurudi kibanjani.

Sasa tazama sheria yetu. Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla wema wake haujadhihiri. Lakini alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipana fedha mbele kwa tende za mwaka na miaka miwili, wala hakuwavunjia. Aliwataka tu kipimo kijulikane, uzani ujulikane na muda ujulikane. Hiyo ndiyo salam. Wengi husema ni mamoja na butura, na hapo hukosea sana. Katika butura mti wote huondoka, uzae kidogo au uzae sana. Katika salam huondoka kilo zilizotajwa tu, tena si za mti fulani, na zinazozidi ni za mkulima. Yaandikwe, kama iagizavyo aya ya 282 ya Suratul Baqara, mbele ya mashahidi.

Najua hata salam mwenye tamaa aweza kuitia dhuluma, akabana bei kwa sababu amemwona mwenziwe ana dhiki. Kwa hiyo mnunuzi afaaye ni chama cha msingi chenyewe, ambacho ndicho kitakachoipokea kahawa ile kwenye mizani. Mzee wa Kamachumu akiahidi kilo 200 mwezi wa Januari, chama chamjua, kibanja chake chakijua, na karani anayo daftari la mavuno yake ya miaka iliyopita.